Nuru katikati ya kivuli

Kusi linapovuma, mawimbi huko nje baharini hutembea mshazari yakiufuata upepo. Lakini ukisimama ufukweni, kusini ya Tanga, utayaona yanakuja kukukabili kifua kwa kifua. Yakikaribia nchi yanageuka taratibu, mpaka mstari wa povu unalala karibu sambamba na mchanga. Marehemu mjomba wangu, mvuvi wa dema, alinieleza sababu nikiwa darasa la tano. Bega la wimbi linalotangulia kufika penye kina kifupi huchelewa, alisema, na bega la pili lililo bado kwenye maji marefu huendelea kukimbia. La nyuma linalipata la mbele, na wimbi zima linageuza uso.

Mjomba hakuwahi kusikia jina la Huygens wala la Fresnel, wanasayansi walioeleza kwamba mwanga ni wimbi. Lakini alichonieleza siku ile, akisuka dema lake, ndicho kinachotokea mwanga unapoingia kwenye maji, kioo au almasi. Nilikuja kukitambua nikiwa chuo kikuu, zaidi ya miaka kumi baadaye, na nakumbuka nilivyokasirika. Kati ya mjomba na chuo nilikuwa nimepita darasa baada ya darasa la sayansi. Nilikariri kanuni, nikachora miale kwa rula, nikafaulu mitihani, na hakuna aliyeniambia kwamba jambo lenyewe ni lile lile la ufukweni.

Hoja yangu ni hii. Kupinda kwa mwanga ndani ya maji, kioo na hewa, na kuchepuka kwake unapopita kwenye kingo za vitu, ni habari moja ya wimbi. Vitabu vyetu vimeikata vipande viwili na kuviweka katika sura zisizojuana, na juu ya zote mbili vimetundika sentensi ambayo kila mtoto wa shule ya msingi anaijua kwa moyo: mwanga husafiri katika mstari mnyoofu. Sentensi hiyo ni nusu ya kweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye utamu.

Nimefundisha fizikia miaka kumi na minne. Mwaka mmoja, nikisaidia kusahihisha mtihani wa majaribio wa shule kadhaa, nilikuta karatasi ya kijana aliyeulizwa kwa nini mwale wa mwanga hupinda unapoingia kwenye kioo. Aliandika kwamba mwanga hupunguza mwendo, na upande unaotangulia kuingia huchelewa kuliko mwenzake. Mwongozo wa usahihishaji ulitaka aandike kwamba mwale umetoka kwenye kitu chepesi na kuingia kwenye kitu kizito. Akapewa sifuri. Nilibishana mezani mpaka chai ikapoa, nikashindwa.

Jibu la mwongozo lilikuwa kosa, na ushahidi uko jikoni. Mafuta ya kupikia ni mepesi kuliko maji. Yamimine kwenye bilauri yenye maji, yataelea. Kama uzito ndio ungekuwa unaamua, mafuta yangepinda mwanga kidogo kuliko maji. Sivyo yalivyo. Maji hupunguza kasi ya mwanga kwa kigawo cha 1.33, mafuta kwa kigawo cha karibu 1.47. Kilicho chepesi ndicho kinachopinda zaidi. Mwanga unachelewa kwa sababu ya jinsi chaji za umeme zilizomo ndani ya kitu zinavyoitikia wimbi linapopita, na kilo za kitu hicho hazina neno hapo. Shule yenye neli ya majaribio ya kioo kinachostahimili moto inaweza kwenda mbele zaidi: itumbukize neli kwenye mafuta, nayo yajae ndani na nje. Inatoweka. Kioo hicho na mafuta huuchelewesha mwanga karibu sawasawa, kwa hiyo mwanga unavuka mpaka wao bila kugeuka wala kuakisiwa, na jicho halina pa kushika.

Tuzitaje kasi zenyewe, maana ndizo mzizi wa yote. Katika ombwe mwanga huenda kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Ndani ya maji hushuka hadi 225,000, ndani ya kioo cha kawaida 200,000, ndani ya almasi takribani 124,000. Nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi hadi Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, ambazo zilitubadilishia intaneti yote, zinaunasa mwanga kwa mbinu hiyo hiyo. Kiini cha uzi huuchelewesha mwanga kidogo zaidi ya ganda linalokizunguka, na mwanga unaojaribu kutoka kimshazari hurudishwa ndani, tena na tena, maelfu ya kilomita.

Wanaosaka pweza kwenye miamba wakati wa bamvua wana elimu hii mikononi. Maji yakiwa magotini, haudungi chuma pale jicho linapokuonyesha, unadunga chini ya hapo. Mwanga unaotoka kwa pweza hupinda unapotoka majini na kuingia hewani, na jicho, ambalo halijui habari za kupinda, humpandisha pweza juu kuliko alipo. Hata ukitazama wima, maji ya kina cha mita moja huonekana kama ya sentimita 75. Mtoto mgeni wa pwani hujifunza hili siku anaporuka mahali alipodhani maji yatamfika kiunoni.

Hewa nayo hupinda mwanga, ingawa kidogo, na hapo ndipo kuna jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wangu kuliko yote. Kaa Forodhani, Unguja, jioni ya Ramadhani, utazame jua likishuka kwenye maji. Ukingo wa chini wa duara unapogusa upeo wa macho, jua lenyewe, kwa mstari mnyoofu, limekwisha kuzama lote. Hewa nzito iliyo karibu na bahari hupinda mwanga wake kwa zaidi kidogo ya nusu digrii, na upana wa jua lote tunavyoliona ni kama nusu digrii. Kwa hiyo kwa dakika mbili na ushei tunatazama jua lililo chini ya upeo, lililoinuliwa na hewa. Saa ya magharibi hufuata duara linaloonekana, na wanaokokotoa majedwali huuingiza mpindo huo kwenye hesabu. Futari ya watu wote wa pwani hii inangojea mwanga uliopinda.

Sasa, kanuni inayoeleza mwale utapinda kwa kiasi gani ilijulikana zamani. Wanafunzi wetu huijua kwa jina la Snell, Mholanzi aliyeipata mwaka 1621. Karne sita na zaidi kabla yake, Ibn Sahl wa Baghdad, karibu mwaka 984, alikuwa amekwisha kuitumia kijiometri katika kazi yake kuhusu lenzi za kuunguza. Jina hilo halipo kwenye vitabu vya shule nilivyofundishia, na lingestahili kuwepo. Hata hivyo, Ibn Sahl na Snell wote walijibu swali la kiasi gani. Swali la kwa nini lilibaki wazi, na lilikuwa na majibu mawili yanayopingana.

Newton aliamini mwanga ni chembe. Chembe ikikaribia maji, alisema, maji huivuta, nayo hugeuka na kuongeza kasi. Huygens, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1690, alisema mwanga ni wimbi, na wimbi hugeuka kuelekea ndani ya maji kwa sababu linapunguza kasi. Zote mbili hutoa kanuni ile ile ya Snell. Mwanafunzi anaweza kuchora miale maisha yake yote asijue nani kati yao yuko sahihi. Tofauti iko mahali pamoja tu: ndani ya maji, mwanga unaenda haraka zaidi au polepole zaidi? Hakuna aliyekuwa na chombo cha kupimia jambo hilo, na kwa zaidi ya karne moja heshima ya Newton ndiyo iliyoamua.

Lililofungua njia ni kivuli.

Mjesuiti wa Bologna aliyeitwa Grimaldi alikuwa ameliona jambo la ajabu, na kitabu chake kikatoka mwaka 1665, miaka miwili baada ya kufa kwake. Aliingiza mwanga wa jua kwenye chumba cha giza kupitia tundu dogo, akaweka kijiti katika njia yake. Ukingo wa kivuli haukuwa mkali kama wembe. Ulikuwa na michirizi ya rangi, na kivuli kilikuwa kipana kuliko mistari minyoofu inavyoruhusu. Newton aliirudia kazi hiyo na kusema ukingo wa kitu huzisukuma na kuzivuta chembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 Thomas Young wa London alieleza kwamba michirizi hiyo ni mawimbi yanayokutana, mahali pengine yakisaidiana na mahali pengine yakiuana. Wengi walimpuuza.

Mwaka 1815 Augustin Fresnel alikuwa mhandisi wa barabara wa miaka 27, mtu asiye na jina katika sayansi. Napoleon, mtawala wa Ufaransa aliyekuwa ameondolewa, aliporudi kutoka uhamishoni Elba, Fresnel alijiunga na waliotaka kumzuia. Akasimamishwa kazi, akawekwa chini ya macho ya polisi, akaenda kukaa kwa mama yake katika kijiji cha Mathieu, Normandy. Hakuwa na maabara. Alihitaji lenzi ndogo mno ya kuukusanya mwanga wa jua uwe nukta, naye hakuwa na uwezo wa kuipata. Akatoboa bamba la shaba, akaweka tone la asali kwenye tundu. Chombo cha kupimia upana wa michirizi alitengenezewa na fundi makufuli wa kijijini.

Kila mwaka nawasimulia wanafunzi wangu habari ya tone lile la asali, kwa sababu shuleni kwetu kabati la maabara halijawahi kujaa, na huwa wanadhani sayansi inangojea kabati lijae.

Fresnel alitazama kivuli cha waya mwembamba. Nje ya kivuli kulikuwa na michirizi, na ndani yake pia. Akaweka kipande cha karatasi nyeusi upande mmoja wa waya, ili mwanga upite upande wa pili tu. Michirizi ya ndani ya kivuli ikatoweka yote. Fikiri maana yake. Upande mmoja bado unapitisha mwanga, ukingo wake haujaguswa, na kama nguvu ya ukingo ndiyo ingekuwa inaisukuma chembe, michirizi ya upande huo ingebaki. Haikubaki, kwa sababu ilikuwa kazi ya pande zote mbili: mwanga uliozunguka kulia na mwanga uliozunguka kushoto, wakikutana nyuma ya waya kama maji ya mkondo yanavyokutana nyuma ya nguzo ya gati.

Chuo cha Sayansi cha Paris kilitangaza shindano juu ya suala hili, na Fresnel akapeleka andiko lake mwaka 1818. Majaji walikuwa watano: Laplace, Biot, Poisson, Gay-Lussac na Arago. Watatu wa kwanza walikuwa wafuasi wa chembe. Andiko lilikuwa na hesabu nzito, na Poisson, aliyekuwa bingwa wa hesabu, aliichukua akaisukuma mpaka mahali ambapo Fresnel mwenyewe hakufika. Weka kisahani cha duara mbele ya nukta ya mwanga, alisema. Kila sehemu ya ukingo wa duara iko umbali sawa na katikati ya kivuli. Kama mwanga ni wimbi, basi mawimbi yote yanayozunguka ukingo yatafika katikati kwa hatua moja, yakisaidiana. Kwa hiyo katikati kabisa ya kivuli, mahali penye haki ya kuwa na giza kuliko pote, patakuwa na nukta ya nuru yenye mng'ao kama ule ambao ungekuwepo kisahani kisipowekwa kabisa. Kwake hilo lilikuwa upuuzi ulio wazi, na upuuzi huo ulitosha kuiua nadharia.

Arago hakubishana. Alichukua kisahani cha chuma cha kipenyo cha milimita 2, akakigandisha kwenye kioo kwa nta, akatazama. Nukta ilikuwepo. Tuzo alipewa Fresnel mwaka 1819.

Naomba tusimame kidogo kwa Poisson, kwa sababu masimulizi mengi humfanya kichekesho, nami naona humdhulumu. Aliipinga nadharia kwa njia ya haki kuliko zote. Aliisoma kwa makini kuliko marafiki zake, akaipa nguvu zake zote za hesabu, akaifuata mpaka ikatoa utabiri unaoweza kupimwa. Bila mpinzani wa namna hiyo Fresnel asingepata ushahidi wake bora. Tena, nukta ile ilikwisha kuonekana karibu miaka mia moja kabla, Delisle na kisha Maraldi, wote wawili wakifanya kazi Paris, wakaiandika, na ikasahaulika. Haikuwa na nadharia ya kuishika. Jicho peke yake liliiona, halikujua limeona nini.

Swali ambalo mwanafunzi mwerevu huuliza hapa ni la haki kabisa: kama mwanga huzunguka vitu, mbona vivuli vyetu vya kila siku ni vikali? Jibu ni ukubwa wa wimbi. Ukiwa kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe utasikia adhana ingawa kuta tatu zinakukinga na mnara. Sauti inapinda kona kwa sababu mawimbi yake yana urefu wa kuanzia sentimita kadhaa hadi mita kadhaa, yaani ukubwa wa milango, madirisha na kona zenyewe. Wimbi la mwanga wa kijani lina urefu wa nusu ya elfu moja ya milimita. Mawimbi 2,000 yanakaa ndani ya milimita moja. Kwa wimbi dogo namna hiyo ukuta ni kama bara zima, na sehemu inayochepuka pembeni ni utepe mwembamba usioonekana. Mstari mnyoofu hutokea pale wimbi linapokuwa dogo sana mbele ya kila linalokutana nalo. Ni matokeo ya wimbi, nasi tumekuwa tukiwafundisha watoto kwamba ndiyo asili ya mwanga.

Inua vidole viwili mbele ya jicho moja, karibu kabisa na uso, utazame anga kupitia upenyo kati yao. Vikaribishe polepole. Kabla havijagusana utaona mistari miyeusi, myembamba kama nywele, ikisimama ndani ya upenyo. Hiyo ndiyo michirizi ya Grimaldi, na haikuhitaji hata asali.

Mtu huyo huyo aliyeeleza kuchepuka kwa mwanga kwenye kingo ndiye aliyeupinda kwa kioo kuliko yeyote kabla yake. Kwa pendekezo la Arago, Fresnel aliajiriwa na tume ya minara ya taa ya Ufaransa. Lenzi kubwa ya kawaida ni mzigo wa kioo kisicho na kazi, kwa sababu mwanga hupinda pale unapoingia na pale unapotoka tu. Akakiondoa kioo cha katikati, akabakiza pete za prizimu, yaani vipande vya kioo vya pembetatu, zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Lenzi yake iliwashwa mwaka 1823 kwenye mnara wa Cordouan, kwenye mlango wa bahari wa Gironde, na mabaharia wakaiona kwa zaidi ya kilomita 30. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1827, ana miaka 39. Geuza simu yako utazame kidirisha cha taa iliyo pembeni ya kamera. Simu nyingi zina miduara myembamba hapo, mmoja ndani ya mwingine. Ni lenzi yake, iliyokuwa ndefu kuliko mtu, sasa ndogo kuliko punje ya mahindi.

Likabaki lile swali la maji: haraka au polepole? Arago ndiye aliyependekeza, mwaka 1838, njia ya kulipima kwa kioo kinachozunguka kwa kasi kubwa. Kazi ilicheleweshwa na ufundi, kisha na mapinduzi ya 1848, na wakati huo macho yake yalikuwa yanakwisha. Mwaka 1850 Foucault na Fizeau, vijana wa kizazi kilichofuata, wakaikamilisha. Ndani ya maji mwanga huenda polepole zaidi. Aliyeiona nukta ya nuru ndani ya kivuli hakuweza kuliona jaribio lake mwenyewe likikamilika.

Kuhusu Arago nina jambo la pembeni, lakini ni letu. Katika serikali ya muda ya 1848 alikuwa waziri wa majeshi ya majini na makoloni, na ni miongoni mwa waliotia saini amri ya tarehe 27 Aprili ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Ufaransa. Kisiwani Réunion amri hiyo ilianza kutumika tarehe 20 Desemba mwaka ule ule, na watu wapatao 60,000 wakawa huru, wengi wao wazao wa waliosafirishwa kutoka Madagaska na kutoka pwani hii ya Afrika Mashariki. Sijawahi kukuta kitabu cha fizikia kinachomtaja Arago na kulisema hilo.

Wenzangu walimu wana pingamizi mbili, na zote nimezisikia ana kwa ana. Ya kwanza ni kwamba mstari mnyoofu ni rahisi kwa anayeanza. Nakubali kuwa mchoro wa miale ni chombo kizuri sana. Mtengeneza miwani hawezi kuishi bila huo. Ninachokataa ni kumpa mtoto chombo na kumwambia ndio ukweli wenyewe. Baharia hutumia ramani bapa, na hakuna anayemficha kwamba dunia ni duara.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, karne ya 20 haikuturudisha kwa Newton? Einstein mwaka 1905 alisema mwanga huja kwa vifurushi, na leo vyombo huvihesabu kimoja kimoja. Ni kweli. Lakini vifurushi hivyo havikuiokoa hoja ya Newton, kwa sababu bado mwanga hupungua kasi majini na bado huzunguka kingo. Mwaka 1909 kijana wa Cambridge, Geoffrey Taylor, alipiga picha ya kivuli cha sindano kwa mwanga hafifu mno hivi kwamba picha moja ilichukua saa kama 2,000, karibu miezi mitatu. Mwanga ulikuwa unadondoka kidogo kidogo, kwa hesabu ya vifurushi ni nadra viwili kuwa njiani pamoja. Michirizi kandokando ya kivuli ilitoka safi kama ile ya mwanga mkali. Kila kifurushi kilikuwa kimepinda kama wimbi.

Kuna jambo la lugha pia, na sitalizungushia. Tanzania mtoto husoma mwanga kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha akifika kidato cha kwanza mlango unafungwa na kila kitu kinaanza upya kwa Kiingereza. Ninachokiona darasani ni kwamba kile alichokijua kwa mwili wake, wimbi, kina, kivuli, mazigazi barabarani saa saba mchana, hakivuki mlango huo pamoja naye. Yule kijana aliyepewa sifuri aliandika jibu lake kwa Kiingereza cha kuokoteza. Ukilisoma kwa makini unaona limefikiriwa kwa Kiswahili: upande mmoja unachelewa, mwenzake unaendelea. Ni maneno ya mjomba wangu, karibu neno kwa neno, na tulikuwa na kalamu nyekundu mkononi.

Ningeanza somo upya kwa mpangilio mwingine. Wiki ya kwanza ni mawimbi, kwenye beseni au ufukweni, bila neno mwanga kutajwa: yakichelewa yanageuka, yakipita kwenye upenyo yanatawanyika. Wiki ya pili ni mafuta na maji, sarafu inayoonekana kupanda ndani ya bakuli la maji, na vidole viwili mbele ya jicho, yote katika kipindi kimoja ili yaonekane ni ndugu. Kanuni ya Snell na michoro ya rula ingefuata baadaye, ikiwa na pa kukaa.

Mwaka jana nilimjaribia mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha pili. Usiku, barazani, nilimwambia avute mtandio wake wa shifoni mbele ya jicho, autazame kupitia huo mwanga wa taa ya barabarani iliyokuwa mbali, taa nyeupe za siku hizi. Akanyamaza. Kisha akasema kuna taa nyingi, zimejipanga kama msalaba, na za pembeni zina rangi kama upinde wa mvua. Akauzungusha mtandio, na msalaba ukazunguka nao. Akautazama mtandio wenyewe kwa karibu, ukiwa umeshikwa dhidi ya mwanga wa sebuleni, akaona nyuzi zake zimekatizana wima na ulalo, matundu madogo madogo. Nilikuwa najiandaa kueleza, akaniwahi.

"Mjomba, mbona nyekundu iko nje? Kwenye ile prizimu ya shule nyekundu ndiyo iliyopinda kidogo kuliko zote."

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza hilo kwa miaka kumi na minne, kwa sababu sikuwahi kuyaweka mawili hayo mezani siku moja. Nikamwambia kioo huchelewesha buluu zaidi ya nyekundu, ndiyo maana ndani ya kioo buluu hupinda zaidi. Kwenye matundu ya mtandio hakuna kinachocheleweshwa. Kinachoamua ni urefu wa wimbi, na la nyekundu ni refu zaidi, linatawanyika mbali zaidi. Akaurudisha mtandio jichoni, akaanza kuunyoosha kwa vidole, kuona madoa ya mwanga yatasogea upande gani.